Mashahidi Wapo, Kamera Haijafika Mpanda

Oktoba 1986 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walianza kuonyeshwa mfululizo wa vipindi tisa kuhusu Afrika. Aliyesimama mbele ya kamera na kuwasimulia alikuwa Mswahili wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui. Mfululizo uliitwa The Africans: A Triple Heritage, na uliandaliwa na BBC ya Uingereza kwa kushirikiana na WETA, kituo cha televisheni ya umma cha Washington. Hoja yake ilikuwa moja na aliirudia bila kuchoka: Mwafrika wa leo amebeba urithi wa aina tatu uliochanganyika, yaani asili yake mwenyewe, Uislamu, na mambo yaliyoletwa na nchi za Magharibi.

Huku kwetu Mpanda hakuna aliyeuona. Na wala si Mpanda peke yake. Tanzania Bara nzima, mwaka ule, haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa ya nchi zilizokwisha kushiba. Tulikuwa na redio, basi. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na televisheni ya serikali ikaja karibu na mwaka 2000. Kwa hiyo mtu mmoja kutoka pwani yetu, mwenye lugha yetu, aliisimulia dunia habari za bara lake katika kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa Mwafrika kwenye televisheni hadi wakati huo, na sisi majirani zake hatukuwa na mahali pa kumtazamia.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu nianze kazi ya uandishi wa habari. Siku hizi ukitaja historia kwenye runinga watu wanafikiria ubora wa picha, droni na muziki wa kutisha. Mimi naona swali la kwanza ni la saa na kalenda: kamera ilifika lini, na waliokuwepo walikuwa bado hai? Kwa Tanzania majibu ya maswali hayo mawili yamekuwa yakipishana kama mabasi ya Tabora na Mpanda. Moja linaingia, jingine limeshaondoka.

Mimi ni wa kizazi cha kibanda umiza. Majengo ya utoto wangu, ukiwa na hela kidogo ulilipa mlangoni, ukakaa kwenye benchi la mbao gizani, na sinema ya Hong Kong au ya Marekani ikaja na sauti ya Lufufu juu yake. Wasiomjua Lufufu, Derek Mukandala, wajue kwamba huyu ndiye aliyewafundisha mamilioni ya Watanzania kutazama filamu za kigeni. Hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anatusimulia, anatania, anatuonya, anamwita adui kwa jina la mtaani. Leo vijana wa mtaa uleule wana ving'amuzi, na Azam TV imewaletea tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili. Wanamjua Sultan na harem yake. Wanamjua Ertuğrul, wanajua alivyoshika upanga, wanajua nani alimsaliti. Muulize kijana huyohuyo habari za Mirambo, ambaye ngome yake ilikuwa jirani tu hapo Urambo, na ambaye wapiganaji wake walifika mpaka nchi hii yetu. Atakuambia ni jina la uwanja au la shule. Simlaumu. Waturuki waliweka fedha kwenye historia yao, wakaifanya hadithi, wakaiuza duniani kote. Sisi Mirambo wetu tumemwacha kwenye kitabu cha kidato cha pili.

Mfululizo wa Mazrui nilikuja kuuona nikiwa chuo Dar, kwenye kompyuta ya mwenzangu, kwa kunyang'anyana bando. Baada ya hapo nikawa natafuta kila kitu cha aina hiyo. Ndipo nikakutana na kazi ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza vizuri kuliko nyingine namna historia kubwa inavyotengenezwa kwa ajili ya runinga, ingawa haihusu Afrika: The World at War ya kampuni ya Thames Television ya London.

Ilirushwa kuanzia Oktoba 1973, vipindi 26, kwenye ITV (ya kule Uingereza, siyo ya Mikocheni). Mtayarishaji wake mkuu alikuwa Jeremy Isaacs, na maelezo yalisomwa na mwigizaji Laurence Olivier. Kilichonishangaza ni utaratibu wa kazi kuliko hata vita vyenyewe. Kwa miaka minne kampuni ilikuwa na watu ambao kazi yao ni kutafuta tu. Wengine walizama kwenye hifadhi za filamu, kutazama mikanda ya zamani futi kwa futi, kuhakikisha kipande kinachoonyeshwa kuwa cha mahali fulani ni cha mahali hapo kweli. Wengine walitafuta watu. Wakawapata Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, Karl Dönitz, amiri jeshi wa majini, na Traudl Junge, katibu muhtasi aliyechapa wosia wa Hitler. Lakini wakawapata pia askari wa kawaida, akina mama waliopigiwa mabomu majumbani, watu walionusurika kambi za mauaji. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 28 tu nyuma. Mtu aliyekuwa na miaka 25 wakati wa vita alikuwa hajafika hata sitini alipokaa mbele ya kamera. Akili bado kali, sauti bado nzito.

Miaka 28. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Isaacs huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa Channel 4, na chini yake, mwaka 1984, ndipo ilipoonyeshwa Africa ya Basil Davidson, vipindi vinane. Davidson alikuwa mwandishi wa habari kama mimi, tena aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akapigana vita vya siri nyuma ya mistari ya Wajerumani kule Yugoslavia, halafu akajifundisha historia ya Afrika mwenyewe. Kuna uungwana katika mfululizo wake. Anaanza kwa kukataa kabisa wazo kwamba Afrika haikuwa na historia kabla ya Mzungu, na anakwenda mwenyewe mpaka kwenye magofu. Miaka miwili baadaye ndipo akaja Mazrui, ambaye BBC ilikuwa imeshamsikia mwaka 1979 alipotoa Mihadhara ya Reith redioni. Tofauti ya hawa wawili unaiona mapema. Davidson anaitetea Afrika mbele ya Wazungu wenzake. Mazrui hana mteja wa kumtetea. Anagombana na Wazungu, anagombana na Waafrika, anatania, anasema Afrika ingepaswa kuwa na silaha zake za nyuklia, kisha anaendelea na safari kama aliyeagiza chai. (Watanzania tulikuwa tumeshaonja ulimi huo. Mwaka 1967 aliandika kwenye jarida la Transition makala ya kuwacheka wasomi waliolewa mapenzi ya Tanzania ya Nyerere.)

Marekani walimlipa, halafu wakajuta. Shirika la serikali linalofadhili taaluma za kibinadamu, National Endowment for the Humanities, lilikuwa limetoa zaidi ya dola 600,000. Mkuu wake wakati huo alikuwa Lynne Cheney. Alipoona vipindi akasema ni mashambulizi dhidi ya nchi za Magharibi, akataka jina la shirika lake liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Vipindi vilionyeshwa hata hivyo. Lakini tazama: Mswahili anasema anachokifikiri, na siku ya mwisho mwenye fedha anagonga meza. Hapakuwa na taasisi yoyote ya Kiafrika yenye uwezo wa kusema, sawa, toeni lenu, sisi tutaweka letu. Televisheni ya Nigeria ilishiriki, lakini uzito wa bajeti ulikuwa ng'ambo.

Mwaka 1999 ikawa zamu ya Henry Louis Gates, profesa Mmarekani mweusi wa Harvard, na vipindi sita vya Wonders of the African World. Kimoja chote kilikuwa cha pwani ya Waswahili. Gates anakwenda Lamu, Mombasa, Zanzibar, anawauliza watu kama wao ni Waafrika au la, na wakimjibu kwa kutaja mababu wa Uajemi au Arabuni unamwona usoni ameumia. Mazrui, aliyekuwa wakati huo anafundisha Binghamton, New York, aliandika ukosoaji mkali. Kwamba Gates amekuja kutafuta hatia ya Waafrika na Waswahili katika biashara ya utumwa, na amesahau kuuliza mengine. Ugomvi ule ulisomwa sana kwenye mitandao ya wasomi enzi hizo za barua pepe. Mimi nadhani Mazrui alikuwa na haki kwa mengi, ila kuna jambo Gates aliligusa ambalo sisi wenyewe tunapenda kulipita haraka, kwamba misafara ile iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda pwani haikubeba pembe tu.

Karibu na leo kabisa yupo Zeinab Badawi, mtangazaji mzaliwa wa Sudan aliyekulia Uingereza. Kampuni yake mwenyewe, Kush Communications, ilitengeneza History of Africa iliyoanza kuonekana BBC mwaka 2017, kisha msimu wa pili mwaka 2020, jumla vipindi 20. Msingi wake ni Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, ile kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kutoa juzuu nane. Juzuu ya nane, kwa taarifa yako, ilihaririwa na Mazrui. Badawi amefanya jambo ambalo wengine hawakulifanya kwa ukamilifu: wanaoeleza ni wanahistoria wa Afrika wenyewe, wakiwa nchini mwao, na vipindi vipo YouTube bure. Nimevitazama vyote. Vinaheshimu watu. Vina kasoro ya kukimbia mno, maana bara zima kwa vipindi 20 ni kama kuisimulia Biblia kwenye daladala, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa, weka kazi hizi nne mezani na utazame ramani. Misri na Nubia zipo. Timbuktu ipo. Pwani yetu ipo karibu kila mara. Great Zimbabwe ipo. Kamera inapenda mawe. Ikiona ukuta wa matumbawe wa karne ya 14 au kinara cha msikiti inatulia, mwanga unaweza kupangwa, msimulizi anatembea polepole akigusa ukuta. Mahali ambapo historia ilijengwa kwa miti na nyasi, au ilipita kwa miguu ikiwa na mzigo kichwani, kamera haijui isimame wapi. Ndiyo maana Bara ya magharibi, yaani sisi wa Katavi, Rukwa, Kigoma na Tabora, tunaonekana kama njia tu: njia ya Livingstone, njia ya Stanley, njia ya meli Liemba. Hiyo Liemba ndiyo imefilimiwa mno. Kisa cha Waingereza kuburuta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwenda kupigana na Wajerumani ni kitamu, sikatai. Ila waliokata miti, waliotengeneza njia na kubeba mizigo ya vita ile yote wanapita nyuma ya picha kama kivuli.

Niambie kama hiki nacho hakifai kuwa kipindi.

Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa ufukweni Msasani. Mwenye mpango alikuwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye alikuwa ameanza kuitamani Afrika ya kati na alitaka kujua kama tembo waliofugwa wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi, kwa sababu ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Tembo walipita Mpwapwa na Ugogo, wakielekea Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamekianzisha mwaka uleule kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mkoani kwetu. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na aliyefika Karema alikuwa mmoja. Kiongozi wa msafara, Kapteni Carter, aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe akiwa anarudi pwani, katika mapigano yaliyowahusisha wapiganaji wa Mirambo. Mpimbwe hiyohiyo ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa sababu ndiko anakotoka Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda.

Wabelgiji walijenga karibu na maji. Kwa bahati mbaya yao, ziwa lilikuwa limefurika kupita kawaida, na mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalipata njia ya kutokea upande wa Kongo kupitia mto Lukuga. Ziwa likashuka, ufukwe ukakimbia, ngome ikabaki nchi kavu inaangalia maji kwa mbali. Mwaka 1885 waliikabidhi kwa Mapadri Weupe. Ukifika Karema leo, sasa ambako kuna bandari mpya, utaona bado ni mji unaomtazama mwenzake ng'ambo ya maji.

Na hapo Karema ndipo alipoishi mtu ambaye, mimi nasema, ndiye angestahili vipindi tisa peke yake. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, mpaka Mapadri Weupe walipomnunua na kumwachia huru huko Algeria. Wakamsomesha. Wakampeleka Malta, ambako Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana wa Kiafrika udaktari ili wawe waganga katika misheni. Mwaka 1889 akafika Karema. Akaoa binti wa hapo, akajifunza lugha, akajifunza na dawa za miti za wenyeji, akatibu watu wa pande zote za ziwa. Mwanawe akawa padri. Alikufa hapohapo Karema mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 ya kazi katika kituo kimoja. Alipofika, Mjerumani alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alipokufa, TANU ilikuwa na miaka miwili.

Turudi kwa Mazrui kidogo. Urithi wa aina tatu. Mtoto wa Niger, aliyetekwa na kuuzwa kwa njia za biashara za Waislamu wa jangwani, akafundishwa na Kanisa la Wafaransa, akawa daktari wa Wabende na Wafipa. Mtu mmoja amebeba hoja nzima ya mfululizo ule mwilini mwake, na kaburi lake liko mkoa wa Katavi. Na ugomvi wa Mazrui na Gates kuhusu utumwa, nani alaumiwe, ungepata mtu wa kuujibu aliyeonja mnyororo mwenyewe. Maana Atiman aliandika. Simulizi ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Sauti yake imetufikia kwa karatasi, kwa Kiingereza, kwenye jarida la wakoloni waliopenda kukusanya mambo ya kale.

Haikuwa kwamba kamera zilikuwa hazijaingia Tanganyika. Zilikuwepo. Kati ya 1935 na 1937 pale Vugiri, milimani Usambara, kulikuwa na karakana ya filamu iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ikiongozwa na Major Notcutt na mwenzake Latham, kwa fedha za Carnegie ya Marekani. Walitengeneza filamu 35, wakazungusha kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati, wakawaonyesha wanavijiji. Nyingi zilikuwa za kufundisha: minyoo ya safura, kilimo bora, ubaya wa kukopa. Mwafrika alipigwa picha ili afundishwe jinsi ya kuishi. Kumuuliza ameishije haikuwa kazi ya mradi ule. Zilizosalia, chache sana, zimehifadhiwa London, na leo Mtanzania anayetaka kutengeneza kipindi kuhusu babu zake itabidi aombe leseni huko, kisha apewe picha ya babu anachimba choo.

Sasa ile namba 28. Vita vya Majimaji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele, na wanafunzi walitumwa kusini kwa wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Huo ndio utaratibu wa Thames Television kabisa: nenda, tafuta aliyekuwepo, kaa chini, sikiliza. Tena Dar walianza mapema kuliko London. Lakini miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita tangu vita, na yaliyosemwa yakaingia kwenye ripoti za kupigwa chapa. Mwaka huohuo wa 1968 serikali ilianzisha Tanzania Film Company. Vifaa vya filamu vikawepo mjini, wazee wakawepo Songea na Kilwa. Televisheni ya kuwaonyesha ilipokuja Bara mwaka 1994, mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa Majimaji angekuwa na miaka zaidi ya mia moja.

Nayasema haya yote kwa sababu hapa Mpanda kuna historia nyingine ambayo saa yake bado inatembea.

Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa Burundi. Wahutu waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1973 wakaanza kuwekwa Katumba, hapa jirani, reli inayotoka Kaliua inapita humohumo. Baadaye mwishoni mwa muongo wakafunguliwa Mishamo. Walipewa ardhi ya msitu na jembe, na ndani ya miaka michache wakawa wanalisha mkoa. Sisi watoto wa Majengo tumekula mahindi na maharage yao bila kujua tunakula historia ya nani. Mwaka 2010 serikali iliidhinisha uraia kwa zaidi ya 162,000 wa makazi ya zamani, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa mkupuo.

Kazi kubwa ya kusikiliza watu hawa ilifanywa na mwanaanthropolojia kutoka Finland, Liisa Malkki. Alikaa Mishamo na pia mjini Kigoma kati ya 1985 na 1986, miezi ileile ambayo mfululizo wa Mazrui ulikuwa unakamilishwa na kurushwa huko Marekani. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Aligundua kwamba watu wa kambini walikuwa wanasimulia historia yao daima, jioni na asubuhi, kwa mpangilio karibu ule ule, kama somo: tulikotoka, tulichofanyiwa, tutakavyorudi. Waliojichanganya mjini Kigoma walikuwa hawasimulii hivyo. Wao walitaka kuishi tu, na wengine walificha kabisa asili yao. Ukisoma kitabu kile unasikia watu wanaongea, lakini kwa Kiingereza cha kitaaluma na bila majina, kwa usalama wao. Ilikuwa sahihi wakati ule.

Leo imepita zaidi ya miaka 50. Aliyevuka mpaka akiwa na miaka 20 ana miaka sabini na kitu. Nimewahi kukaa na baadhi yao kwa ajili ya habari zangu za gazeti, mambo ya mazao na vitambulisho. Unasalimia, "Shikamoo mzee," unaitikiwa, mnaongea bei ya mahindi, halafu ghafla jina la kilima cha Burundi linatoka, jina la mwalimu aliyechukuliwa darasani, na mazungumzo yanabadilika sauti. Habari ya mahindi inatakiwa iwe na maneno 400. Hayo mengine yanabaki kwenye simu yangu, kwenye mafaili yenye majina ya tarehe tu.

Kuna wanaosema kwamba kuyafukua hayo ni kuchokoza, kwamba hawa sasa ni Watanzania na waachwe wawe Watanzania. Naielewa hofu hiyo, hasa kwa nchi jirani na Maziwa Makuu ambako hadithi za nani alimuua nani zimewahi kuchochea mauaji mapya. Malkki mwenyewe anaonyesha jinsi simulizi la kambini lilivyoweza kuwa gumu kama jiwe. Lakini ndiyo sababu ya kutaka kazi ya kiwango cha Isaacs, yenye watafiti wanaohakiki, wanaowasikiliza Wahutu na Watutsi, maofisa wa Tanzania waliopokea watu kwenye mpaka, Wabende na Wakonongo waliokuta msitu wao umegawanywa. Kamera ya TikTok haihakiki. Nayo tayari inarekodi, wajukuu wanarekodi, wanakata dakika moja ya kilio na kuweka muziki.

Fedha? Sijui kampuni gani ya Dar itakubali leo kulipa watu miaka minne watafute tu. Azam wameonyesha kwamba mtazamaji wa Kiswahili yupo, atakaa mbele ya historia ya Waturuki misimu mitano bila kupepesa. Wasimuliaji wapo pia. Nchi iliyomtoa Lufufu haiwezi kulia upungufu wa sauti. Kinachoanza kupungua ni wale wa Katumba. Juma lililopita nilipiga namba ya mzee mmoja niliyemwahidi kurudi na maswali zaidi. Simu ilipokelewa na binti yake, akaniambia baba yupo ila masikio yamekuwa mazito, nikija niongee kwa sauti na nikae upande wa kulia. Treni ya Kaliua inapita Katumba. Nimeshauliza siku zake.